Vikaratasi Ndani ya Biblia ya Mama

3 Februari

Mdogo wangu, kitindamimba wa mama,

Salamu zangu zikukute mzima, wewe na wifi. Sisi huku tupo. Shemeji yako bado anakoroma kama mashine ya kusaga, na cherehani yangu kubwa imepona baada ya kubadilishiwa mkanda, kwa hiyo sare za shule zilikwisha kwa wakati na wazazi hawakunila nyama. Wifi vipi? Mwaka jana ulisema alilazwa kidogo, Desemba hakuja, na tangu hapo hujanena kitu. Mwambie namdai salamu.

Nakuandikia kwa sababu simu yako unajua mwenyewe unavyoipokea. Nikigusa jambo hili unasema mtandao unasumbua, halafu kimya. Barua huwezi kuikata katikati. Nimempa dereva wa lori linalopeleka karatasi kwenye kiwanda chenu cha kujalidi vitabu, na ameapa kuitia mkononi mwako.

Ni juu ya Biblia ya mama. Ulipokuja Desemba uliichukua ukasema unakwenda kuijalidi upya, maana jalada lilikuwa limebaki nyuzi tupu. Sote tulifurahi. Ilipoletwa, mama aliipapasa ile ngozi, akainusa, akamwita jirani aje aone kazi ya mwanawe. Kisha akavaa miwani akafungua Zaburi.

Ulifanya nini, mdogo wangu? Kila penye neno Mungu umebandika kikaratasi kilichoandikwa Yahweh. Kwenye Injili, penye Yesu, umebandika Yahushua. Vidogo kuliko ukucha, vimekatwa sawasawa, kwa herufi za chapa ileile, mtu haoni mpaka apitishe kidole. Kazi safi, sikatai. Ningependa mafundi wangu wawe na mkono kama huo. Lakini mama alifunga kitabu, akakupigia simu kukuuliza, nawe ukamweleza. Ukamwambia kwamba Mungu ni neno la jumla tu, kwamba Muumba ana jina lake la Kiebrania, na kwamba anayeita kwa jina jingine hajui maneno yake yanakwenda wapi. Najua ulilisema kwa upole. Mama akajibu, "Nimekusikia, baba," akaweka simu chini.

Tangu siku ile mama hasali. Chai inapoa mbele yake, anainamisha kichwa kama anayetaka kuanza, kisha anakiinua na kunywa. Kanisani anakwenda, anakaa pale pale anapokaa siku zote, mdomo umefungwa. Nilidhani amenuna. Juzi nikamuuliza, akaniambia: "Mtoto wangu wa kwanza nilimkabidhi kwa jina lile. Sasa naambiwa si lake. Nilimkabidhi kwa nani?"

Anamsema marehemu kaka yetu mkubwa, ambaye mimi namkumbuka kwa mbali na wewe hukumkuta. Wewe unalo jibu?

Na kuna jingine. Daktari amesema ule uvimbe wa tumboni uondolewe, usingoje. Mama amekataa kutia sahihi. Anasema hatalala kwenye kitanda cha upasuaji bila kujua anamwita nani. Sasa unaelewa kwa nini sikutaka kukatiwa simu. Mwandikie mama, au njoo.

Dada yako

27 Februari

Dada mpendwa,

Shalom kwako, kwa mama na kwa shemeji. Barua imefika. Dereva aliitoa mbele ya watu wote akisema mzigo wa dada yako huu, mzito, watu wakacheka na mimi nikacheka. Kazi ipo tele. Tunajalidi vitabu vya shule, na msimamizi anataka vyote viwe vimekwisha jana. Mke wangu anaendelea.

Sikutaka kumwumiza mama. Naomba uliamini hilo kabla ya mengine yote.

Nilichomweleza ndicho ninachokiamini. Muumba alijitaja mwenyewe kwa Musa, kwenye kile kichaka kilichowaka, na akasema hilo ndilo la kumkumbukia vizazi vyote. Hakusema mniite mnavyojisikia. Lile neno letu hata waabudu sanamu wanaliitia sanamu zao. Mwalimu wa kusanyiko letu hutupa mfano huu: ukimtafuta mama yako sokoni ukaita "Wewe mwanamke!", watageuka wangapi? Nimeupima mfano huo kila upande nimeshindwa kuuvunja.

Ile kazi niliifanya nyumbani baada ya saa za kiwandani, Zaburi zote na Injili zote nne. Niliifanya kwa sababu nilitaka maombi ya mama yafike. Mtu akijua kwamba mama yake ameandika anwani isiyo sahihi maisha yake yote, anyamaze?

Kuhusu kaka yetu sijui niseme nini. Mwambie mama kwamba Yeye ni mwingi wa rehema. Kuhusu upasuaji, tafadhali mbembeleze akubali. Nitakuja, Mwenye Jina akinijalia.

Mdogo wako

15 Machi

Mdogo wangu,

Hatujambo kiasi. Shemeji yako amepata kikohozi, kwa hiyo usiku hakoromi, anakohoa, nami nimeanza kuyakumbuka makoromo. Mama amekonda. Akiinuka kitini anashika ubavu, akiulizwa anasema ni uzee.

Mwenye Jina akinijalia! Nilirudia kuisoma. Wewe tangu utoto ulikuwa huwezi kutumwa dukani bila kusema Mungu akipenda. Ulikuwa unaisema hata unapokwenda kuoga, mpaka baba akawa anakutania kwamba leo maji hayatapenda. Sasa umeing'oa mdomoni kama jino bovu. Nilicheka, kisha nikasikia uchungu.

Huo mfano wa sokoni nami nimeupima, maana soko nalijua. Mimi nikisimama katikati ya soko nikaita "mama!", wanawake wote watageuka, ni kweli. Lakini atakayekuja ni mmoja. Mwulize Mwalimu wenu hilo.

Nilimpelekea mchungaji jambo hili. Nilitegemea angewaka, hakuwaka. Alisema anawajua watu wenye imani yenu, na yeye hasemi kwamba wamepotea. Yeye mwenyewe huimba jina hilo la Kiebrania na linamfurahisha, na alisema Wayahudi wengi hawathubutu kulitamka kwa jinsi wanavyoliheshimu. Ila aliuliza mbona mitume waliandika Injili kwa Kigiriki, wakatumia neno lilelile ambalo Wagiriki walikuwa wakiitia sanamu zao, na hawakuogopa. Tena siku ya Pentekoste kila mtu alisikia kwa lugha ya kwao, hakuna aliyeambiwa akajifunze kwanza. Mama alimsikiliza kwa adabu, akamshukuru, akamsindikiza mpaka mlangoni. Aliporudi akasema: "Mchungaji amesoma, na mwanangu amesoma. Mimi niliyekuwa naita tu, nani ataniambia kama nilisikika?"

Umeona? Maneno ya mchungaji hayamwingii, kwa sababu aliyemwambia vingine ni mtoto wa tumbo lake.

Jana nilijaribu kubandua kikaratasi kimoja kwa ukucha, kikanyanyuka na ngozi ya ukurasa. Mama akaninyang'anya kitabu, akasema, "Usichane." Basi kimekaa rafuni na lile jalada lake zuri, hakisomwi.

Kwa kuwa mama hajatia sahihi, daktari amesogeza upasuaji hadi tarehe ishirini na nne Juni. Baada ya hapo, amesema, asilaumiwe.

Halafu umeandika mke wako anaendelea. Anaendelea na nini? Hilo ni neno la wodini. Nilimpigia, akanisalimu vizuri, nikamtania kidogo kuhusu kumletea mama mjukuu, akasema anaitwa jikoni. Nimekosa nini?

Dada yako

20 Aprili

Dada,

Shalom. Nasikitika kuhusu ubavu wa mama na kikohozi cha shemeji.

Usivute kwa ukucha. Chukua kitambaa cha pamba, ukiloweshe kisha ukikamue mpaka kisidondoshe, uweke juu ya kikaratasi, usisugue. Subiri kidogo. Kitalainika chenyewe, ukinyanyue kutoka pembeni kwa ncha ya kisu butu. Weka karatasi kavu chini ya ukurasa ili unyevu usiingie kurasa nyingine. Nilitumia gundi ya unga.

Sisemi uviondoe. Nasema tu usichane Biblia ya mama.

Mke wangu hujamkosea kitu. Tafadhali usimtanie tena juu ya hilo.

Mdogo wako

2 Mei

Mdogo wangu,

Salamu. Kikohozi kimekwisha, koromo limerudi, mama ni vilevile. Hizo ndizo habari za nyumbani, nimezimaliza upesi kwa sababu nina hasira nawe.

Jibu lako lilichukua mwezi, na limejaa maji na kitambaa. Hakuna neno moja la kumpelekea mama. Kila asubuhi dereva wa lori akipita nje ya duka langu bila kusimama, mama ananitazama, kisha anarudi kuchambua vifungo vya sare anavyonisaidia. Haniulizi. Angeuliza ningepumua.

Nilijaribu ulivyoelekeza, kikaratasi kimoja tu, kwenye ukurasa ambao mama haufungui sana. Kikatoka kama hakikuwahi kuwepo. Nikabaki nakitazama kidoleni, na nikakumbuka siku uliyonitembeza kiwandani kwenu. Ulinionyesha lile sufuria la gundi ya moto, ukasema hiyo ikishika imeshika, kitabu kikiungua yenyewe itakuwa ya mwisho kuungua. Kisha ukanionyesha kopo la gundi ya unga, nikakuuliza uji huu wa kazi gani. Ukasema ni ya kazi ambayo mteja hajaamua.

Sasa nakuuliza fundi kwa fundi. Mimi nikipiga nguo bandi, ule mshono mwepesi wa kufumuliwa, badala ya kuishona, ni kwa sababu sijajua mshono utapita wapi. Wewe ulikuwa na uhakika wa kutosha kumwambia mama yako maombi yake hayakufika. Kwa nini hukutumia gundi ya moto?

Sitaki mafundisho. Mafundisho nimeshayapata ya kwenu na ya mchungaji. Nataka kujua nini kimekupata.

Dada yako

3 Juni

Dada,

Nimeandika barua hii mara nyingi nikaichana. Leo nimeiandikia kiwandani, kwenye meza ya kukatia, wenzangu wamekwenda kula, na nitaifunga bila kuisoma tena.

Mwaka jana mke wangu hakulazwa kidogo. Alikuwa mjamzito. Hatukuwaambia, kwa sababu tulitaka kuja Desemba na mtoto mkononi tumwone mama anavyopiga vigelegele. Tulikuwa tumeshapanga nani aingie kwanza. Alizaliwa kabla ya wakati, msichana, akakaa siku mbili kwenye kile kisanduku cha joto. Waliniruhusu kuingiza mkono kwenye tundu la ubavuni. Alinishika kidole. Nilisimama pale nikaomba, dada, niliomba kama tulivyofundishwa na mama, kwa jina lile alilotufundisha, bila kuacha. Sijawahi kuomba namna ile wala sidhani nitaweza tena.

Akafa. Mke wangu aliniuliza kitu kimoja tu tukiwa njiani kurudi nyumbani. Aliniuliza kama sikuomba vizuri.

Baada ya hapo mwenzangu mmoja wa kazini akanipeleka kwenye kusanyiko lao. Mwalimu akasoma, akasema maombi mengi hayajibiwi kwa sababu yanaombwa kwa jina lisilo la Muumba. Nililia mpaka wakanitoa nje. Walidhani nimetubu. Nililia kwa sababu nilipata nafuu. Unaelewa? Kama nilikosea jina, basi hakusikia. Sikuweza kuishi na lile jingine, kwamba alisikia kila neno, akamwona yule mtoto amenishika kidole, na akakataa. Afadhali niwe nimekosea jina.

Nikaona mama naye nimwondolee mzigo ule, wa kaka yetu. Nilidhani namletea nafuu niliyoipata mimi. Sikufikiri kwamba ningemnyang'anya ya kwake.

Gundi ya unga sijui. Nilikuwa nimeshawasha jiko la ile ya moto. Nikalizima.

Usimwambie mama habari za mtoto. Ana ugonjwa wake wa kumtosha.

Mdogo wako

10 Juni

Mdogo wangu, mdogo wangu,

Leo sianzi na shemeji yako wala cherehani. Pole. Mpe wifi pole yangu, na umwambie naomba anisamehe kwa ule utani, nitamwomba mwenyewe nikimwona. Nilisoma barua yako dukani, nikafunga mlango mchana kweupe, wateja wakagonga wakachoka.

Uliniambia nisimwambie mama. Nimemwambia. Kasirika ukitaka, utakasirika ukiwa hapa. Ningefichaje? Aliniona uso, akaacha vifungo, akasema, "Nani amekufa?"

Nikamsomea yote, hata pale pa kidole. Aliuliza alikuwa wa kike au wa kiume, ingawa nilikuwa nimeshasoma. Nikasema wa kike. Na hapo, ndugu yangu, alishika kichwa kwa mikono yote miwili akasema kwa sauti, "Ee Mungu, mwanangu. Ee Mungu, mtoto wangu na mkewe." Akaendelea hivyo kwa muda mrefu, anakuombea wewe, anamwombea wifi, anamkabidhi yule mtoto, maneno yanamtoka moja juu ya jingine kama zamani. Ghafla akajishika mdomo. Amekumbuka kwamba alikuwa ameacha. Akanitazama kwa mshangao, kisha akasema polepole, "Kumbe bado yupo palepale."

Jioni akaniita nikae, akanipa maneno ya kukuandikia, akaniambia nisiyatengeneze. Ni haya:

"Baba, kuhusu majina wewe unajua kuliko mimi, na kama lile la Kiebrania linakusaidia kumwita, mwite. Sitakukataza. Lakini usijifiche humo. Kaka yako alipokuwa anakata roho niliita, na nilisikiwa. Nilijua nimesikiwa kama mtu anavyojua kuna mtu chumbani. Na mtoto akafa vilevile. Nilimkasirikia Mungu miaka, nikawa nakwenda kanisani kumnunia, na sikuwahi kuelezwa kwa nini mpaka leo. Mzigo wangu ni huo, nimeuzoea, usiniondolee. Na mkeo mwambie uliomba vizuri."

Kesho yake alitia sahihi ya upasuaji. Akachukua Biblia rafuni, akadai bakuli la maji, kitambaa na kisu changu cha kufumulia mishono, na tangu hapo anabandua. Ana mkono mwepesi kuliko wangu. Vikaratasi vyako havitupi, anavianika juu ya gazeti dirishani, anasema mwanawe alitaabika navyo.

Kimoja tu ameamua kukiacha. Kiko kwenye ile zaburi ya mtu anayemlilia Mungu kwamba amemwacha, ileile ambayo maneno yake Yesu aliyalia msalabani kwa lugha ya kwao. Nilipotaka kukilowesha akanizuia mkono. Akasema, "Hapo ndipo alipo mwanangu, asisumbuliwe, atakitoa mwenyewe au atakiacha."

Tarehe ni ileile, ishirini na nne. Daktari haahidi kitu, ameniambia pembeni kwamba tumechelewa. Mama hataki kujua. Anaogopa, usiku namsikia, lakini anaogopa akiwa anaongea na mtu.

Njoo. Njoo na wifi.

Dada yako

18 Juni

Dada,

Barua yako nimempa mke wangu akaisoma mwenyewe. Alipofika pale pa mama kusema niliomba vizuri, alikaa chini sakafuni, nami nikakaa naye. Hatukuwa tumezungumza habari za mtoto tangu mwaka jana. Jana tulizungumza.

Kuhusu jina bado sijui, na Mwalimu sijamwambia kitu. Siwezi kukuandikia kwamba nimeshaelewa. Kiwandani nimeomba ruhusa, msimamizi amenung'unika akanipa. Mwambie mama asikiguse kile kikaratasi, wala asimruhusu mtu. Nataka kukaa nacho kwanza karibu yake.

Ule mkono nilioingiza kwenye kisanduku bado naulalia kila usiku. Nitamshika nao mama akiingizwa ndani, wakiniruhusu.

Tutafika Jumamosi, Mungu akipenda.

Mdogo wako